Korongo badala ya dubu: kuchapa na kuchonga darasani kwa mbinu za Wainuit

Ukiwaambia wanafunzi wa Mbale au Masaka wachore dubu wa barafu, utapata dubu arobaini wanaofanana, wote wametoka kwenye kitabu kimoja. Hakuna aliyewahi kumwona dubu huyo akitembea, kwa hiyo hakuna anayejua uzito wa bega lake unaangukia wapi. Wasanii wa Kiinuit walichora wanyama waliowawinda, wakawachuna na kuwala. Mkono wao ulijua mfupa ulipo kabla kalamu haijagusa karatasi. Hilo ndilo la kujifunza kwao. Mwanafunzi wa Uganda ana wanyama wake anaowajua kwa namna hiyo: ng'ombe wa Ankole, korongo taji, samaki ngege, jogoo wa nyumbani, kalooli, yule ndege mkubwa anayezurura jalalani Kampala. Kazi mbili tutakazoeleza kwa kirefu, chapa ya mpira na sanamu ya sabuni, zinaanzia hapo. Katikati kuna ya tatu, kiolezo, yaani karatasi yenye tundu la umbo linalopakwa rangi, ambayo ni fupi na inawafaa wadogo.

Kabla ya zana, darasa lijue linajifunza kwa nani. Wainuit ni wenyeji wa kaskazini ya mbali: Kanada, Greenland na Alaska. Jina lao maana yake ni "watu", na mmoja wao huitwa Inuk. Neno "Eskimo" walipewa na wengine, na Wainuit wengi wa Kanada hawalitaki, msilitumie darasani. Walichonga meno marefu ya walrasi (mnyama mkubwa wa bahari ya baridi), mifupa na mawe laini kwa karne nyingi, na jiwe hilohilo laini walilitumia kutengeneza vyungu na taa iitwayo qulliq, inayowaka kwa mafuta ya sili, mnyama mwingine wa bahari hiyo. Uchapaji wao ni wa juzi tu. Ulianza mwaka 1957 huko Kinngait, mji mdogo uliokuwa ukiitwa Cape Dorset, katika eneo ambalo leo ni Nunavut, Kanada. Mchongaji Osuitok Ipeelee alizitazama paketi mbili za sigara zenye kichwa cha baharia kilekile, akasema lazima inamchosha mtu kukaa akichora kichwa hicho tena na tena. James Houston, Mkanada aliyefanya kazi pale, alichukua jino la walrasi ambalo Osuitok alikuwa amelichonga, akalipaka wino, akabandika karatasi nyembamba juu yake na kuibandua. Picha ikabaki kwenye karatasi. Mwaka 1958 Houston alikwenda Japani kujifunza uchapaji kwa Un'ichi Hiratsuka, na mwaka 1959 Kinngait ilitoa mkusanyiko wake wa kwanza wa chapa. Tangu hapo imekuwa ikitoa mkusanyiko karibu kila mwaka.

Anza kipindi cha kwanza kwa onyesho hilohilo. Paka wino kidogo kwenye soli ya kiatu yenye nakshi, bandika karatasi nyembamba, sugua, bandua. Linachukua dakika tatu, na baada yake hutahitaji kueleza uchapaji ni nini.

Mchoro: mnyama mmoja, bila mandhari

Ukitazama chapa za mwanzo za Kinngait utaona mambo matatu. Umbo ni zito na limefungwa, kama kivuli cha mnyama ukutani. Nyuma yake hakuna kitu: hakuna mbingu, hakuna mstari wa ardhi, karatasi tupu. Na ndani ya umbo kuna alama chache nyeupe zinazojirudia, kuonyesha manyoya au magamba. Bundi mashuhuri wa mwaka 1960 wa Kenojuak Ashevak, msanii wa Kinngait, ambaye mwaka 1970 aliingia kwenye stempu ya Kanada, ana manyoya yaliyofumuka pande zote kama miale ya jua, ilhali uso wake ni macho na mdomo tu. Wanafunzi wetu wana mfano wa jirani wa mchoro usiohitaji mandhari: miduara myekundu kwenye miamba ya Nyero, wilayani Kumi.

Bundi mwenyewe usimlazimishe. Kwa familia nyingi hapa ni ndege wa mkosi, na mtoto atachora kwa kusitasita.

Mwanafunzi achore kwanza kwa kumbukumbu, bila picha mbele yake, michoro midogo sita yenye ukubwa wa kiberiti. Kisha achague mmoja na kuukuza ufike sentimita 13 kwa 18. Umbo lote alijaze kwa penseli mpaka liwe jeusi tii. Sasa mwenzake aliyekaa meta nne mbali aseme ni mnyama gani. Akishindwa, tatizo liko kwenye umbo la nje, na hakuna manyoya yatakayoliokoa. Mara nyingi dawa ni kugeuza mnyama aonekane kwa ubavu, au kuzidisha kile kinachomtambulisha: pembe za ng'ombe wa Ankole zipande hadi ukingo wa juu wa karatasi, mdomo wa kalooli uwe mzito kuliko ulivyo. Kuzidisha huku si kosa. Wachoraji wa Kinngait walifanya hivyo kwa uhuru mkubwa, na ndiyo sababu kazi zao zinashika jicho.

Baada ya umbo kukubalika, aingize alama nyeupe. Aina mbili zinatosha: mistari mifupi na nukta, au mistari mirefu iliyopinda na pembetatu. Asiache sehemu nyeusi yenye upana chini ya milimita 3, kwa sababu mpira mwembamba kuliko huo hulala chini ya kijiko na hauchapi. Miguu ya korongo taji ndiyo mtego mkubwa. Kwenye bendera yetu amesimama kwa mguu mmoja na mwingine ameukunja, na kila mwanafunzi hutaka kuuchora kama uzi. Aunenepeshe, au aukunje uguse tumbo.

Bamba la mpira

Kinngait walichonga kwenye jiwe lililosawazishwa na kung'arishwa. Sisi tutatumia mpira mwepesi wa kutengenezea sapatu, unene wa milimita 8 hadi 10, unaouzwa kwa karatasi nzima kwenye maduka ya vifaa vya mafundi viatu. Kwa wanafunzi 40 katika makundi ya wanne unahitaji mabamba 10 ya sentimita 15 kwa 20. Kipande cha sentimita 60 kwa 50 kinatoa kumi kamili: safu mbili za mabamba matatu yaliyolazwa, na safu moja ya manne yaliyosimamishwa. Soli za sapatu kuukuu nazo zinafaa, ila ni finyu na zina nakshi. Zisugue kwa msasa namba 120 uliowekwa juu ya ubao bapa, na si kwa msasa ulioshikwa mkononi, kwa sababu vidole huchimba mashimo yatakayoonekana kama mawingu meupe kwenye chapa.

Zana ya kuchonga itengenezeni wenyewe kwa mwavuli uliovunjika. Ubavu wa mwavuli ni chuma chenye mfereji, tayari una umbo la patasi ya U. Kata kipande cha sentimita 10. Kwa tupa ndogo noa ncha moja kwa mshazari, ukisugua upande wa nje tu, mpaka kingo zote mbili za mfereji ziwe kali. Upande mwingine uchomeke kwenye gunzi la mahindi lililokauka, ukiacha sentimita 4 za chuma nje. Zana hii huchonga mfereji safi wenye upana wa milimita 2 hadi 3, na mwavuli mmoja hutoa zana za makundi mawili au zaidi. Kwa mistari myembamba tumia wembe uliofungwa nusu kwa tepu.

Kila kundi lipate pia ubao wa kuzuilia: kipande cha mbao cha sentimita 20 kwa 30, chenye fito iliyopigiliwa chini kwenye ukingo mmoja ili ing'ang'anie meza, na fito nyingine juu kwenye ukingo wa pili ili izuie bamba lisisonge. Bila ubao huu mwanafunzi hushika bamba kwa mkono wa kushoto mbele ya zana, na hapo ndipo vidole hukatwa. Kanuni ni moja: mkono unaoshika ukae nyuma ya ncha, daima.

Kuhamishia mchoro, paka penseli ya 2B au mkaa nyuma ya karatasi, ilaze kwenye bamba mchoro ukitazama juu, ibandike kwa tepu na upitie mistari kwa kalamu. Chapa itatoka imegeuka kama kwenye kioo. Kwa ng'ombe haidhuru. Kwa herufi na namba ni balaa, na kwa korongo wa bendera vilevile, kama mwanafunzi anataka atazame upande uleule. Atakayetaka picha isigeuke alaze mchoro uso chini, ausugue moja kwa moja kwenye mpira, kisha arudie mistari kwa kalamu ya maka.

Sasa fanyeni kama wachongaji wa jiwe wa Kinngait wanavyofanya: pakeni weusi wa maka kila sehemu itakayobaki, na msiguse sehemu ya kuondolewa. Darasa linaloruka hatua hii hupoteza bamba moja katika kila matano, kwa sababu mwanafunzi akishachonga dakika ishirini husahau mstari upi ni ukingo wa ndani na upi wa nje.

Kata kwanza kuzunguka umbo lote kwa wembe, kina cha milimita 2, ncha ya wembe ikielekea nje ya umbo kidogo ili ukingo ubaki na mteremko kama wa kichuguu. Ukingo uliochimbwa kwa ndani hauna kitu chini yake na huvunjika. Kisha ondoa mandhari kwa patasi ya mwavuli, kwa kuanzia kwenye ukingo wa umbo kuelekea nje, ili zana ikiteleza iteleze kwenye takataka. Alama za ndani fanya mwisho. Milimita 2 zinatosha. Ukienda chini zaidi bamba hulegea na kujikunja. Mifereji ya patasi iliyobaki nyuma itashika wino kidogo na kuacha mistari hafifu kuzunguka mnyama. Wengine huisafisha yote. Sisi tungeiacha ile inayofuata mwendo wa umbo na kuondoa inayokatiza, kwa kuwa inaonyesha kazi ilifanywa kwa mkono kwenye kitu kigumu.

Kwa kundi la wanne, kuchonga huku kunachukua vipindi viwili vya dakika 80. Wape kazi kama zilivyogawanywa Kinngait: huko anayechora huwa mtu mmoja na anayechonga na kuchapa mwingine, na alama za wote huwekwa kwenye chapa. Katika kundi, mmoja achore, wawili wachonge kwa zamu, mmoja aandae wino na karatasi, na majina yao yote yaandikwe.

Wino na rola

Kwa Kampala, wino bora kwa bei ndogo hupatikana kwa wachapishaji wa Nasser Road: masalia ya wino wa mashine yanayobaki kwenye mikebe. Ni wa mafuta, ni mweusi kwelikweli, na hukupa muda wa kutosha kuurekebisha kabla haujakauka. Ubaya wake ni kwamba juu ya karatasi hukauka baada ya siku mbili au tatu, wakati wa mvua hata wiki. Usafishe kwa kitambaa chenye mafuta ya kupikia, kisha sabuni na maji. Msitumie mafuta ya taa kwenye bamba la mpira. Huuvimbisha, na alama nyembamba hufumba zisifunguke tena.

Mbali na Kampala, pikeni wino wa wanga. Kikombe kimoja cha maji, mililita 250, na vijiko vikubwa 2 vya wanga laini wa muhogo uliochekechwa. Koroga kwenye maji baridi kwanza, kisha moto mdogo mpaka uji ugeuke mzito na wa kupenyeza mwanga. Upoe. Kwa kila vijiko 3 vya uji tia kijiko kimoja na nusu cha rangi ya unga na nusu kijiko cha chai cha glisarini, ile inayouzwa kwenye maduka ya vipodozi. Glisarini ndiyo inayozuia wino kukauka kwenye bamba kabla hujaweka karatasi. Ukiisahau, saa nane mchana wa jua kali karatasi itagandamana na mpira na kuchanika. Kama rangi yako nyeusi ni masizi, yachanganye kwanza na matone machache ya sabuni ya maji mpaka yawe tope, kwa sababu masizi makavu huelea juu ya uji na kukataa kuchanganyika. Wino huu huchacha, kwa hiyo upikwe siku hiyohiyo.

Rola: kata sentimita 12 za bomba la plastiki lenye kipenyo cha milimita 32, vuta juu yake kipande cha tyubu ya baiskeli kilichosafishwa kwa sabuni, na pitisha waya mnene katikati uwe mpini. Tyubu ina mstari ulioinuka wa kiwandani. Usugue kwa msasa hadi uishe, la sivyo kila mzunguko wa rola utaacha ufito mweupe kwenye korongo wako.

Tandaza wino kwenye kipande cha kioo chenye kingo zilizofungwa tepu, au kigae bapa. Kiasi cha kijiko cha chai kwa mara ya kwanza. Sukuma rola pande zote mpaka usikie mchakacho mwembamba kama wa mafuta yanayokaanga polepole. Ukisikia sauti ya tope, wino ni mwingi. Sauti hii ni kipimo bora kuliko jicho, hasa kwenye darasa lenye mwanga hafifu.

Kuchapa kwa kijiko

Hakuna mashine inayohitajika. Chapa za jiwe za Kinngait zinasuguliwa kwa mkono, kwa sababu jiwe chini ya mashine lingepasuka. Wao hutumia karatasi nyembamba za Kijapani; ninyi tumieni karatasi ya A4 ya gramu 70, au karatasi tupu ya gazeti, ambayo ni nyembamba na hunywa wino vizuri ingawa hugeuka njano baada ya miezi. Karatasi ya manila ni nene mno kwa kijiko, iacheni kwa kiolezo. Lubugo, kitambaa cha gome la mti, unavutia sana, na walimu wengi huuliza: unachapika, lakini nyuzi zake hunywa wino mara mbili na kumeza mistari yote iliyo chini ya milimita 5. Weka kwenye lubugo maumbo makubwa tu, na uchague upande uliosuguliwa laini.

Pitisha rola juu ya bamba mara nne au tano, kwa tabaka nyembamba, ukibadili mwelekeo. Inamisha bamba kwenye mwanga: weusi ung'ae sawasawa, na mifereji ibaki mitupu. Kwenye meza chora kwa penseli mstatili wa karatasi na ndani yake mstatili wa bamba, ili kila chapa ikae mahali pamoja. Shusha karatasi kwa kuanzia ukingo mmoja, usiidondoshe yote. Mkono mmoja uishike katikati, mwingine usugue kwa mgongo wa kijiko cha chuma, miduara midogo, kutoka katikati kwenda pembeni. Chini ya kijiko weka karatasi ya pili ili ya kwanza isichanike. Kwa bamba hili sugua dakika mbili kamili. Wanafunzi huchoka kwenye nusu dakika, na chapa zao hutoka na mabaka. Kisha inua pembe moja utazame huku upande wa pili umekandamizwa. Palipo hafifu rudisha na usugue tena.

Chapa mbili za kwanza ni za majaribio, hazihesabiwi. Mpira mpya hunywa wino, na zitatoka za kijivu hata ukifanya kila kitu sawa.

Kuanzia ya tatu, ikiwa bado kuna mabaka meupe yaliyo mahali palepale kila mara, bamba lina bonde: bandika kipande cha karatasi chini yake, chini ya bonde hilo, na chapa tena. Mabaka yakihamahama, ni kijiko. Alama nyembamba zikijaa wino, ufute bamba kabisa kwa kitambaa kikavu na uanze na wino nusu ya ule, kwa sababu kuongeza karatasi hakutaondoa wino uliokwisha zama kwenye mifereji. Picha ikitoka na kivuli cha pili pembeni, karatasi ilisogea. Mara nyingi aliyekuwa akiishika aliinua mkono kubadilishana na mwenzake. Na chapa ikiwa na ngozi kama ya chungwa, wino ni mzito au rola haikukimbia vya kutosha kwenye kioo.

Kwa rangi mbili hamhitaji bamba la pili. Wachapaji wa Kinngait hupaka rangi kadhaa kwenye jiwe moja, kila moja mahali pake, wakizifunika sehemu nyingine. Kata manila yenye tundu la umbo la taji la korongo, ilaze juu ya bamba, gonga wino wa manjano kwa sponji iliyofungwa kitambaa, ondoa, kisha paka mwili kwa rola nyembamba. Rangi zitakutana kidogo shingoni. Anza na ile iliyo nyepesi kila mara, kwani tone la weusi ndani ya manjano huifanya kuwa kijani chafu na haiponi.

Aning'inize chapa kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, mbali na jua. Zikikauka, chini ya picha kwa penseli waandike namba, jina la kazi, majina na mwaka. Namba 3/20 ni chapa ya tatu katika ishirini. Chapa nyingi za Kinngait hutolewa 50, kisha uso wa jiwe husuguliwa litumike upya. Darasani ishirini kwa bamba ni nyingi za kutosha. Msiweke alama ya nyumba ya theluji wala kuigiza maandishi ya Kiinuktituti, lugha ya Wainuit. Tangu 1958 kuna alama rasmi yenye igloo inayothibitisha kazi imetoka mkononi mwa Mwinuit, na ilianzishwa kwa sababu bidhaa za kuigiza zilikuwa zikiwanyang'anya riziki. Chini ya maonyesho andikeni wazi: kazi ya wanafunzi wa S.2 (kidato cha pili), kutokana na kujifunza chapa za jiwe za Kinngait, Nunavut.

Kiolezo, kwa wadogo

Kwa darasa la nne na la tano la msingi (P.4 na P.5), wasioaminika na wembe, mwalimu akate na wao wapake. Kinngait walikata violezo kwenye ngozi ya sili, baadaye kwenye karatasi iliyotiwa nta. Sugua mshumaa pande zote mbili za manila, iweke kati ya magazeti na upitishe pasi ya moto wa wastani mpaka nta izame. Manila isiyo na nta huloa baada ya watoto watatu na kingo zake huvimba. Jicho la mnyama liachiwe daraja la karatasi la milimita 4, au litadondoka. Sponji iwe karibu kavu: ichovye, igonge kwenye gazeti mara nne, ndipo kwenye kazi, kwa kugonga wima kutoka ukingoni kwenda ndani. Anayefagia husukuma rangi chini ya karatasi.

Sanamu ya sabuni

Jiwe halisi la Kisii, lile laini la kuchonga kutoka Kenya, lapatikana kwenye masoko ya sanaa za mikono, lakini vumbi lake likivutwa huumiza mapafu, na darasa lenye watoto sitini si mahali pa kusugua jiwe kavu. Sabuni ya mche inatosha. Kata vipande vya sentimita 9 kwa 6 kwa 5. Sabuni iliyotoka dukani ikiwa laini iache kivulini siku mbili tatu; ile iliyokaa miezi kwenye rafu huwa na ganda kavu na moyo wenye unyevu, na hiyo hupasuka ukiingiza kisu. Bonyeza kwa ukucha: uingie kwa taabu, bila kumeguka.

Chagua mnyama aliyejikunja. Kiboko amelala, ndama amekaa, bata ameficha kichwa, mama na mtoto mgongoni. Sanamu za kale za Wainuit zilikuwa ndogo za kushikwa kiganjani, nyingi hazina kitako wala upande wa mbele, na zilibebwa na watu waliohamahama, hivyo hakuna kilichochomoza kikavunjika. Mwanafunzi anayetaka miguu minne iliyosimama aambiwe mapema kwamba itakatika. Afanye mwili mmoja, na miguu aionyeshe kwa mifereji.

Chora umbo la ubavu kwenye pande mbili zinazotazamana, la juu kwenye upande wa juu. Ondoa pembe nne kwanza kwa kisu butu cha mezani, vipande vyembamba kama maganda ya muhogo. Anayechimba kwa kina ili amalize haraka hupasua sabuni katikati. Baada ya kila dakika mbili ageuze kazi, achonge upande mwingine. Mwalimu apite akigeuza zile zilizosahauliwa, kwa sababu kosa la kawaida ni sanamu yenye ubavu mmoja mzuri na mwingine bapa kama tofali. Umbo likishakamilika, ncha ya kijiti au msumari ufanye macho na mikunjo. Sehemu ikimeguka, loanisha pande zote mbili kwa tone la maji, bandika, acha hadi kesho. Isiguswe kabla ya hapo.

Baada ya siku mbili za kukauka, sugua kwa kidole chenye maji kidogo mpaka alama za kisu zipotee, kisha kwa mfuko wa nailoni uliokunjwa mpaka ing'ae. Mnaotaka rangi ya jiwe la giza pakeni dawa ya viatu nyeusi au kahawia, nyembamba sana, kwa kitambaa, na mfute baada ya dakika tano. Jaribu kwanza chini ya sanamu: kwenye sabuni yenye unyevu rangi hushika kwa madoadoa.

Kwenye maonyesho sanamu ziwekwe mahali pa kufikiwa, na wageni waruhusiwe kuzishika. Mabaki yote ya kuchonga yakusanywe kwenye ndoo. Ndiyo sabuni ya kuoshea rola na mikono kwa muhula mzima. Sanamu zenyewe msiziache kwenye kabati la wazi wakati wa likizo, kwa sababu panya hula sabuni. Zifungeni kwenye gazeti moja moja na kuziweka ndani ya debe lenye kifuniko.